Saa moja imeuzwa mara mbili: mdogo wangu, usiige huu usanii

Najua nimeuchuna karibu miezi miwili, na Mama Mdogo ameshaniuliza kama nimesahau nywila ya ukurasa wangu mwenyewe. Sijasahau. Ratiba ya zamu ndiyo iliyonimeza. Leo nimerudi na hasira, na hasira yenyewe ni ya dirham 80. Msicheke! (Dola moja huku ni dirham 3.67, kiwango hicho hakijasogea tangu mwaka 1997, kwa hiyo pigeni hesabu: kama dola 22 hivi.)

Hela hiyo ningeisamehe kimyakimya. Kilichonitoa mafichoni ni ujumbe wa sauti wa mdogo wangu wa Tanga. Kama mnavyojua, yeye na wenzake wawili wanatandika kiwanja cha nyasi bandia, cha kukodisha kwa saa, timu za watano watano. Akiba yao yote imeingia mle, na yangu kidogo pia imo, hivyo nina haki ya kupiga kelele. Akasema: "Dada, shikamoo. Watu wa hapa wanabuki halafu hawaji. Naomba nitumie sheria za klabu za huko Dubai, za kughairi na faini zake, nizitafsiri nizibandike ukutani. Huko wameshaendelea."

Wameshaendelea! Haya, kaa hapo nikusimulie walivyoendelea.

Kwa wasioijua Al Nahda, ziko mbili. Mimi nakaa ya Dubai. Ukivuka barabara tu uko Al Nahda ya Sharjah, emirate nyingine kabisa, yenye foleni ya magari ya kukutoa machozi. Kituo cha metro cha hapa jirani kinaitwa Stadium, kwa sababu ya uwanja wa Shabab Al Ahli. Ule ni wa wakubwa. Sisi walalahoi tunacheza badminton, ule mpira wa vinyoya, kwenye kumbi za kukodi. Mtaa umejaa Wahindi, na wao na badminton ni kama sisi na Simba na Yanga. Halafu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa nje hakukaliki, joto linapita nyuzi 40, kwa hiyo huna pa kwenda ila ndani kwenye kiyoyozi. Mwenye ukumbi analijua hilo vizuri sana.

Sheria za klabu ninayochezea (jina silitaji, sitafuti kesi) ni hizi. Ukifuta nafasi yako zaidi ya saa 24 kabla, hela hurudishiwi, unapewa "salio" la kutumia ndani ya siku 30. Ukifuta kati ya saa 24 na 12, salio nusu. Chini ya saa 12, umeliwa yote. Kumpa mtu mwingine nafasi yako ni marufuku, jina ni jina. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za kwenye karatasi ya dawa, imeandikwa kwamba klabu inaweza kufuta nafasi yoyote, wakati wowote, na haitadaiwa chochote zaidi ya salio.

Rudieni kusoma hiyo ya mwisho. Mimi nikifuta saa sita kabla, nalipa asilimia 100. Wao wakifuta dakika kumi kabla, nimeshavaa raba, wananipa salio lenye tarehe ya kuoza.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, nilikuwa na off, nimebuki uwanja wa saa mbili usiku mimi na nesi mwenzangu Mfilipino. Saa nane mchana simu: msimamizi wa wodi. Nesi wa usiku ameugua, naomba uingie saa moja. Wale mliofanya kazi hii mnajua kwamba hilo "naomba" ni la adabu tu. Nikafungua programu ya klabu, nikasoma: ada ya kughairi, asilimia 100. Nikawaza, basi walau isipotee. Kuna dada Mkenya jirani yangu, anacheza na mumewe, nikampigia achukue nafasi yangu bure. Tukawauliza klabu. Jibu: jina ni jina. Nikafuta. Nikaenda kazini.

Usiku kwenye saa sita, wagonjwa wametulia, natazama simu. Yule dada ameniandikia: "Asante sana, tumecheza! Uliufuta tu ukatokea kwenye programu, nikaulipia." Alilipa dirham 80. Uwanja ni ule ule, saa ni ile ile. Mimi 80, yeye 80. Klabu ikaingiza 160 kwa saa moja inayouzwa 80, tena kwa sababu tu nilikuwa mstaarabu nikafuta mapema badala ya kukaa kimya. Yaani ningekaa kimya, uwanja ungekaa mtupu, wangepata 80. Nimewatendea wema, wakanitoza kwa huo wema.

Kesho yake nilipita mapokezi. Kijana wa watu, mpole, naye kaacha ndugu zake kwao kama mimi. Nikamwonyesha simu zote mbili. Akaangalia, akaangalia tena, akasema, "Ndiyo sistimu, madam." Sikugombana naye. Si yeye aliyeiandika.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na naomba mdogo wangu usome polepole. Sipingi ada ya kughairi. Saa ya uwanja haiwekwi kwenye friji ukaiuza kesho. Ikipita tupu imepita, na kodi, umeme, mlinzi, vyote vimeshalipwa. Na watu ni wasumbufu, tena si Tanga peke yake. Huku kuna jamaa wanabuki kumbi tatu kwa usiku mmoja, halafu jioni ndiyo wanachagua. Na sisi Waswahili tuna yule wa "niko njiani" ambaye bado yuko bafuni. Hao walipe, sina huruma nao. Anayeacha shimo alifukie.

Ila kama shimo limeshafukiwa na mwingine, unanitoza kwa lipi?

Hospitalini mgonjwa asipotokea kwenye miadi, tunamwita anayefuata. Kiti kikijaa, hasara yetu ni ile simu ya kumwita. Kikibaki wazi, hapo ndiyo daktari amekaa bure. Ni mambo mawili tofauti, na kila nesi anayapambanua bila kufundishwa. Klabu nayo inayapambanua, maana kompyuta yake inajua kwa sekunde kwamba uwanja namba fulani umefutwa na umeuzwa tena. Kuandika kwamba "ikiuzwa tena, mrudishie wa kwanza" si kazi ngumu. Ni kwamba hawataki.

Watetezi wao wananiambia: wewe ulikubali, ulibonyeza kile kijiboksi. Ni kweli nilibonyeza. Kumbi ninazoweza kufika kwa miguu ni tatu, na sheria zake zinafanana kama zimeandikwa na mkono mmoja. Ningebonyeza wapi?

Tena hata sheria za nchi hazikubali kirahisi hivyo. Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Emirates ya mwaka 1985, kifungu cha 390, iliruhusu watu kupanga fidia mapema kwenye mkataba, lakini ikampa hakimu uwezo wa kuibadilisha ilingane na hasara halisi, na ikasema makubaliano yoyote ya kumzuia ni batili. Kwetu Bongo, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipa ukiuvunja, anayedai anapata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Isiyozidi! Maana yake ile namba ukutani ni dari. Usiigeuze sakafu. Mdogo wangu, hilo ni la kwako, si la Waarabu.

Najua yupo msomi kwenye ukoo (unajijua) atakayeniletea kesi ya Uingereza ya mwaka 2015, yule bwana aliyeegesha gari Chelmsford akapitisha muda, akatozwa pauni 85, na Mahakama ya Juu ikasema alipe ingawa mwenye maegesho hakuonyesha hasara ya pauni 85. Sawa, nimeisoma. Majaji walisema ada ile ilikuwa na kazi halali, kuwafanya watu waondoke ili wengine wapate nafasi. Yule bwana aling'ang'ania nafasi iliyokuwa inatakiwa. Mimi nimeiachia saa sita kabla! Kama lengo ni nafasi zipatikane, mimi ndiye mteja wa kupongezwa.

Na hapa ndipo hii sheria inapojichoma yenyewe. Wiki ile ile wenzangu kazini wameshaniambia wanachofanya: wakishapita zile saa 12, hawafuti. Kwa nini wafute? Hela imeshakwenda, kufuta ni kumpa mwenye klabu zawadi. Uwanja unakaa mtupu huku watu wako nyumbani wanautamani. Kuna utafiti maarufu wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini, ulichapishwa mwaka 2000. Walichukua vituo 10 vya kulelea watoto mchana huko Haifa, ambako wazazi walikuwa wanachelewa kuchukua watoto. Baadhi ya vituo vikaweka faini ya shekeli 10 kwa anayechelewa zaidi ya dakika 10. Mnadhani walichelewa kidogo? Walizidi! Zamani mzazi alikuwa anamwonea aibu mwalimu, sasa akaona amelipia, basi. Na faini ilipoondolewa, aibu haikurudi, wakaendelea kuchelewa vile vile. Mdogo wangu, Tanga bado kuna aibu ya kumwangusha mtu aliyekuwekea nafasi. Angalia usije ukaiuza kwa elfu tano.

Nimkumbushe pia anayesema nina kinyongo cha juzi, kwamba kinyongo changu ni cha siku nyingi. Tarehe 16 Aprili 2024 mnakumbuka mlivyokuwa mnanipigia simu? Ilinyesha mvua kubwa kuliko zote tangu nchi hii ianze kuweka kumbukumbu mwaka 1949, sehemu moja ya Al Ain ikapata zaidi ya milimita 250 ndani ya siku moja. Magari yalielea. Huku kwetu mtu alikuwa anavuka barabara maji yako mapajani, na upande wa Sharjah walikaa na maji siku nyingi. Mimi nilikuwa nimebuki uwanja Jumatano jioni, tarehe 17. Klabu ikatuma ujumbe: ukumbi uko wazi kama kawaida, taratibu za kughairi zinaendelea. Ni kweli ulikuwa wazi, uko ghorofa ya pili! Labda tungekwenda kwa ngalawa. Nilipoteza 80 siku hiyo pia. Lakini mwezi uliofuata kiyoyozi chao kikafa, wakafuta nafasi za watu jioni nzima, na tukapewa salio la siku 30. Mvua ikiwa juu yangu ni kosa langu. Kiyoyozi kikiwa juu yao ni bahati mbaya.

Halafu kuna ile ya karatasi ya daktari. Klabu inasema ukileta uthibitisho wa ugonjwa watakufikiria. Nimeshaona kwa macho yangu, kazini, mtu mzima mwenye mafua amekuja kupanga foleni ili apate karatasi ya kumpelekea mwenye uwanja. Kumwona daktari kunamgharimu zaidi ya uwanja wenyewe. Nilimpima joto, nikampa maji, sikujua nicheke au nilie. Sasa pelekeni hiyo Tanga: mtu kafiwa na mjomba wake, timu nzima iko msibani, wewe kwenye kiwanja unadai cheti cha kifo?

Na anayeumizwa zaidi na hizi sheria ni nani? Mwenye ofisi anajua leo atatoka saa ngapi Alhamisi ijayo. Nesi hajui. Mlinzi hajui, dereva hajui, mpishi wa hoteli hajui. Saa 24 kabla ni anasa ya watu wenye ratiba zao mikononi mwao. Sisi wengine ratiba iko kwa bosi, na akiigeuza, faini inakuja kwetu.

Haya, mdogo wangu, umeomba sheria za Dubai. Sikutumii. Nakupa ninavyoona mimi, na wenzio wakikataa waambie wanipigie.

Usichukue hela yote mapema. Chukua kishika uchumba kwa M-Pesa, tuseme theluthi, iliyobaki walipe wakifika. Mtu aliyetoa kishika uchumba anakuja au anakwambia.

Hizo "saa 24" usizinakili kutoka kokote. Nunua daftari. Miezi miwili andika kila nafasi inayofutwa: ilifutwa saa ngapi kabla, ilijazwa au la, baada ya muda gani. Daftari litakuonyesha kitu ambacho klabu za huku zinakifanya kinyume. Saa ya Ijumaa jioni inagombewa, ikifutwa utaijaza kabla chai haijapoa, kwa hiyo hapo huna haja ya ukali. Saa ya Jumanne asubuhi ndiyo ikifutwa imekufa. Huku wanatoza zaidi saa zinazogombewa, mahali hasa ambapo hawapati hasara. Hiyo si ada, ni mavuno. Mpaka daftari lijae, anza na saa nne kabla, uone.

Ukiujaza, rudisha kishika uchumba siku hiyo hiyo, ukate gharama ya kutuma tu. Usiseme "nitakufidia siku nyingine". Hela irudi kwenye simu ya mtu, aione. Na akimleta mwenzake badala yake, mpokee na uwashukuru wote wawili, sasa una wateja wawili.

Mvua ya masika ikijaza kiwanja, au umeme ukikatika taa zikazimika, hilo ni lako. Rudisha yote. Ikiwa umefuta wewe mwenyewe kwa sababu kuna harusi iliyolipa zaidi (nakujua!), rudisha yote na uwape saa nyingine bure. Utalalamika kwamba ni ghali. Ndiyo, iwe ghali, ili ukumbuke uchungu wanaousikia wao.

Wale wa "niko njiani" mwandikie jina. Akikuangusha mara ya pili, kuanzia hapo analipa yote kabla, na nafasi isipojazwa harudishiwi hata senti. Hapo sitakutetea mteja wako.

Najua utasema, "Dada, wataniongopea. Kila mtu atakuwa na msiba." Wengine wataongopa, ndiyo. Jumla ya uongo huo utaisoma kwenye daftari mwisho wa mwezi, na nina hakika itakuwa ndogo kuliko timu moja iliyokasirika ikahamia kwa jirani. Tanga si Dubai. Huku mteja akiondoka, ndege inashusha mwingine. Wako ni wale wale, utawakuta sokoni, msikitini, kanisani, kwenye vikao vya harusi.

Klabu yangu nimewaandikia barua pepe yenye picha za risiti zote mbili, yangu na ya yule dada, saa moja uwanja mmoja. Leo ni siku ya tisa. Wamejibu mara moja tu, wakanishukuru kwa maoni yangu. Wakirudisha nitawaambia hapa hapa, nami nitaandika kwa furaha kama nilivyoandika kwa hasira. Wasiporudisha, mimi na Mfilipino wangu tumeanza kutembea pale Pond Park saa kumi na moja alfajiri tukitoka zamu ya mchana siku iliyotangulia. Raketi ziko kabatini.

Rasimu ya sheria za kiwanja nimemtumia mdogo wangu kwenye WhatsApp, aya sita, Kiswahili, herufi kubwa. Baba Mkubwa, wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri, naomba uipitie kabla haijapakwa rangi ukutani. Mama, shikamoo. Ile dawa ya presha usiache eti kwa sababu unajisikia nafuu, nitapiga Jumapili nihesabu vidonge na wewe. Naingia zamu.